Mshika Kibendera na Goli la Loai

Sleiman alikuwa mwalimu wa udereva. Gari lake, lenye kibao juu ya paa na breki ya pili upande wa mwalimu, lilijulikana Wadi Kabir nzima hadi Ruwi, mitaa ya Maskati, na wanafunzi wake walikuwa wa kila namna: wake wa Kiomani waliochoka kungoja waume zao, wahudumu wa hoteli kutoka Tanganyika, mayaya wa Kiganda walioruhusiwa na matajiri wao. Wote aliwafundisha kurudi nyuma katikati ya mapipa, na wote aliwaambia ukweli. Mwalimu mwengine angekwambia umeiva ili umpishe mteja mwengine. Sleiman alikwambia hujaiva, tena mbele ya mwenzako. Wanafunzi walimnung'unikia, na wakishafaulu walimletea haluwa.

Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Kazi iliyomfanya ajione mtu ilikuwa nyingine: alikuwa mshika kibendera katika ligi ya kulipwa. Refa msaidizi, kama wanavyopenda wenyewe kuitwa, lakini watu wa uwanjani hawana subira ya majina marefu, hasa wakiwa na hasira. Alianza kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya nyumba yao, na kitambaa cha kufutia gari mkononi. Wazee wake walikuwa wametoka Wete wakaja Maskati kabla yeye hajazaliwa. Nyumbani walisema Kiswahili, nje Kiarabu, na uwanjani Sleiman hakusema chochote, aliinua kitambaa tu. Siku moja alikiinua dhidi ya kaka yake mwenyewe, aliyekuwa ameotea hatua nzima na kufunga goli la ushindi. Kaka alimnunia Ramadhani yote. Mama yao akamuuliza, "Ungekufa ukinyamaza?" Sleiman akajibu, "Mama, mie nishaona. Nikishaona n'fanyeje?"

Kisa hicho bintiye Jawaher alikijua tangu hajaota meno ya pili. Alikuwa mtoto wa pekee, na kila Ijumaa baba yake alimchukua viwanjani, akakaa na chupa ya maji na mwavuli, akisikia watu wazima wakimtukana baba yake kwa lugha tatu. Hakulia hata mara moja. Alikua akiamini kwamba dunia nzima inaweza kukosea kwa pamoja, na mtu mmoja aliyesimama mahali pake akawa sahihi. Ni imani nzuri kumpa mtoto, lakini ina gharama yake.

Mwaka huu Sleiman alikuwa anafunga umri wa kushika kibendera, na kwa heshima akapewa fainali ya kombe. Majina ya klabu nayaacha, yana wenyewe. Tuseme walikuwa Wekundu na Kijani. Mchezo ulianza baada ya Alasiri, uwanja umejaa, na hadi dakika za mwisho hakuna aliyepata kitu. Wekundu wakapata kona. Sleiman alikuwa amesimama penye mstari wa goli, ng'ambo ya ile kona, macho yake yamenyooka na chokaa kama fundi anayepima ukuta.

Mpira ukaja, na Loai akaupiga kichwa. Loai huyu alikuwa mshambuliaji wa Wekundu, kijana wa Matrah, mtoto wa Jaifar mwenye duka la vitambaa, na alipendwa na watu. Mpira ukagonga mtambaa panya, ukaanguka chini, ukadunda, kipa akaukomba nje. Uwanja mzima ukainuka. Sleiman aliuona ulipoanguka. Uliangukia juu ya chokaa. Nusu yake ilikuwa ndani, nusu nje, na goli si goli mpaka mpira wote uvuke mstari. Refa akamtazama. Sleiman akatikisa kichwa, kibendera chini, na mchezo ukaendelea.

Ukaendelea kwa kila mtu isipokuwa Loai. Yeye alikuwa ameshakimbilia kwa mashabiki, mikono juu, jezi imevutwa mpaka kichwani, akishangilia. Mchezaji wa Kijani ambaye Loai alipaswa kumkaba akabaki huru, akapewa mpira, akaenda nao moja kwa moja mpaka upande wa pili, akafunga. Filimbi ya mwisho ikalia Loai akiwa bado hajaivaa jezi yake vizuri.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kamera zilikuwa usawa wa katikati ya uwanja, na katika picha zote nguzo ya goli iliuficha mpira pale pale ulipoangukia. Kila mtu akaona alichotaka kuona. Sleiman alichorwa na miwani nyeusi na fimbo ya kipofu, picha ikazunguka katika simu za watu mpaka ikarudi kwake kutoka kwa binamu yake. Wanafunzi wawili wakahamia kwa mwalimu mwengine. Lakini Loai alipata kubwa zaidi. Ikiwa mpira uliingia, alikuwa mtu aliyedhulumiwa. Ikiwa haukuingia, alikuwa mpumbavu aliyeshangilia hewa huku kombe likipita mgongoni kwake, na wengi walichagua hilo la pili, maana kumcheka mtu kunafurahisha kuliko kumhurumia. Watoto wa Matrah walivuta fulana zao mpaka kichwani wakikimbia vichochoroni na kupiga kelele jina lake.

Jawaher alikuwa karani wa mapokezi katika zahanati ya meno Qurum, na wiki ile aligombana na nusu ya zahanati. "Baba yangu akisema haukuingia, haukuingia," aliwaambia. "Nyinyi mlikuwa mmekaa kwenye makochi." Alirudi nyumbani kila siku, akamtengenezea baba yake chai, akakaa karibu yake. Sleiman hakuhitaji zaidi ya hapo. Matusi aliyazoea. Alichokuwa nacho ni alichokiona, na mtu mmoja nyumbani aliyekiamini bila kukiona.

Jumatano Jaifar akapiga simu. "Sleiman, ndugu yangu, n'nataka kuja kwako kesho baada ya Alasiri, mimi na ndugu zangu wawili. Tuna haja na wewe."

Sleiman akaweka simu chini, uso umemshuka. "Jaifar anakuja," alimwambia mkewe Mwanakheri. "Wanakuja kunitolea maneno mlangoni kwangu."

Mwanakheri akacheka, kwa mara ya kwanza tangu fainali. "Baba Jawaher, mtu hatukani watu na ndugu zake wawili. Wanakuja kwa Jawaher!" Ndipo akamweleza alilokuwa amelificha. Kabla ya fainali, kwenye harusi moja ya Alkhoudh, mama yake Loai alikaa naye kutwa, akamuuliza Jawaher ana umri gani, anafanya kazi wapi, anapika au hapiki, na kijana mwenyewe alikuwa ameshamuona binti zahanatini na hakuonekana kuchukia. Mwanakheri hakumwambia mumewe kwa sababu alimjua. Angekwenda siku ile ile kuwaambia wakubwa wa ligi kwamba hawezi kushika kibendera cha fainali anayocheza mkwewe.

"Na Jawaher mwenyewe?" aliuliza Sleiman.

"Kamuulize mwenyewe kama anaweza kukujibu bila kuangalia chini."

Nyumba ikageuka. Alkhamisi Mwanakheri akafukiza udi mpaka majirani wakajua kuna jambo, akatoa haluwa nyeusi na tende, akapanga mito. Jawaher, kama ilivyo desturi ya binti anayekuja kuposwa, alipelekwa chumba cha juu asionekane wala asisikie. Alisema, "Nyinyi mmeshapanga yote, mimi n'naitwa tu." Lakini mtandio aliubadilisha mara mbili.

Wageni wakaingia, kanzu nyeupe, vilemba, bakora. Jaifar alikuwa amekonda. Wakala tende moja moja, wakaulizana khabari za afya, za watoto, za mvua. Kisha Sleiman akashika mwenyewe dele, birika la kahawa, akamimina, akampa Jaifar. Jaifar akaipokea kwa mkono wa kulia, hakuinywa. Akaiweka finjani chini juu ya zulia. Ndugu zake nao wakaweka zao.

Kwa watu wa huko hilo halihitaji tafsiri. Mgeni mwenye haja nzito hanywi kahawa ya mwenyeji mpaka haja yake ikubaliwe. Hufanya hivyo anayekuja kuposa, na anayekuja kuomba msamaha wa damu. Mwenyeji akiona finjani imewekwa chini hujua kwamba heshima ya nyumba yake imewekwa pale pamoja nayo, na akishasema "kunywa", mambo yamekwisha. Ndiyo maana mwenyeji mwenye akili huuliza kwanza. "Haja gani, ndugu yangu?" Maneno manne tu. Mtoto mdogo angeyasema.

Sleiman hakuyasema. Alikuwa amekula matusi wiki nzima, na sasa watu aliowaumiza kuliko wote walikuwa wamekaa juu ya zulia lake, wamekuja, alivyodhani, kuposa, na kumwambia kwamba mpira ni mpira na udugu ni udugu. Kifua kilimjaa, akataka na yeye awe mkubwa kama wao. Akasema kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni, "Kunyweni kahawa yenu. Wallahi, mlilojia mmeshalipata, hata kabla ya kulitaja!"

Nyuma ya pazia Mwanakheri alishika mdomo wake kwa mikono miwili, kigelegele kisimtoke mapema.

Jaifar alimtazama Sleiman kama mtu asiyeamini. Macho yakamlowa. "Allah akulipe kheri," alisema, akainua finjani, akainywa mpaka mwisho. Ndugu zake wakanywa. Kisha ndipo akasema haja yake.

"Klabu imekata rufaa. Kamati inakaa Jumapili. Nenda, Sleiman, ukawaambie hukuuona ule mpira. Sema nguzo ilikuziba, sema ulibahatisha. Sitaki kombe, kombe walichukue wenyewe. Mwanangu hatoki chumbani. Mama yake anampelekea chakula, anakirudisha kama kilivyo. Jana kamuuliza, 'Mama, mimi mjinga?' Nataka mtu mmoja aseme mbele ya watu kwamba mwanangu hakushangilia hewa. Na mtu huyo ni wewe tu."

Sleiman alibaki na dele mkononi. "Jaifar. Mpira haukuingia. Mie nimeuona."

"Mimi sijui kama uliingia au haukuingia," alisema Jaifar, "na sitaki kujua."

"Na hilo ndilo mlilojia? Hakuna jingine?"

Jaifar akawatazama ndugu zake, akamtazama tena mwenyeji wake. "Jingine lipi?"

Mdomo huponza kichwa, na cha Sleiman kilikuwa kimeshaponzwa. Finjani tatu zilikuwa tupu juu ya zulia. Akawasindikiza wageni mpaka mlangoni, akawaombea safari njema, akarudi akakaa mahali alipokuwa.

Mwanakheri alitoka nyuma ya pazia hajafuta machozi. "Huendi," alisema.

"Nimeapa."

"Umeapa jambo usilolijua! Kamuulize sheikh yeyote. Kiapo cha kusema uongo hakimfungi mtu, lisha maskini kumi ukivunje. Kahawa ndiyo imekuwa Kurani?"

"Nikivunja Mungu atanisamehe," alisema Sleiman. "Watu hawatonisamehe. Watasema kila matanga, kila harusi: yule aliyemnywesha Jaifar kahawa kisha akamkana. Na Jawaher ataolewa na nani?"

Mimi nasema Mwanakheri alikuwa na haki. Mtu aliyesimama peke yake mbele ya uwanja mzima bila kutetemeka alikuja kutetemeka mbele ya finjani tatu. Lakini ni rahisi kusema hivyo kwa asiyekaa Wadi Kabir. Matusi ya uwanjani ni ya watu usiowajua, na haya yangekuwa ya watu watakaombeba siku ya kufa. Sleiman akamwapisha mkewe kwamba Jawaher asiambiwe kitu. Haja iliyokubaliwa kwa kahawa haitangazwi. Ukimtangaza mgeni wako kwamba alikuja kuomba uongo, hukumpa kitu. Wakamwambia binti kwamba wageni walikuja kusuluhisha mambo ya mpira. Jawaher akasema "Alhamdulillah", akapanda tena juu, akakaa huko mpaka Maghribi.

Jumapili Sleiman akavaa kanzu yake ya Idi. Wanakamati watatu walikuwa nyuma ya meza, chupa za maji mbele yao. Mwenyekiti, mtu aliyemjua kwa miaka, alimuuliza kwa upole kama mtu anayefungua mlango anaojua haukufungwa. "Sleiman, tueleze tu ulichokiona, tumalize."

"Sikuona," alisema Sleiman.

Mwenyekiti akainua uso. "Hukuona?"

"Nguzo ilinizuia. Nilibahatisha."

"Nguzo? Wewe ulikuwa kwenye mstari. Nguzo inakuzuia vipi?"

"Ilinizuia."

Wakatazamana. Hakuna hata mmoja pale aliyemwamini, na hakuna aliyeweza kufanya kitu na jambo hilo, maana shahidi alikuwa mmoja na alikuwa amejishuhudia mwenyewe. Jioni uamuzi ukasomwa. Matokeo ya fainali hayabadiliki, kwa kuwa filimbi ikishalia imelia. Refa msaidizi Sleiman, kwa kukiri kwamba aliamua asichokiona, ameondolewa katika orodha ya waamuzi na hataruhusiwa kuchezesha mchezo wowote, wa watoto ukiwemo.

Matrah ikapiga honi. Vijana wakamtoa Loai nyumbani wakambeba mabegani barabara ya bandari, mfungaji wa goli lililoibiwa. Alikula siku hiyo. Jaifar alipiga simu analia. "Umenirudishia mwanangu," alisema. Sleiman akamwambia amshukuru Mungu.

Wanafunzi wake wakapungua mpaka wakabaki wachache. Noel, kijana wa Mwanza aliyehudumu kwenye hoteli moja ya Qurum, hakuondoka, lakini asubuhi moja, gari limesimama kati ya mapipa, alishindwa kujizuia. "Mwalimu, usinielewe vibaya. Mimi nilikutetea sana pale kazini, mpaka nikagombana na Waganda. Nikawaambia yule mzee hadanganyi, mimi ameniambia sijaiva mara tatu. Kumbe hata hukuona?"

"Tazama kioo chako," alisema Sleiman.

"Natazama, mwalimu. Ila ungesema tu mapema."

"Rudi nyuma. Taratibu."

Nyumbani Mwanakheri aliendelea kungoja. Alidhani sasa, deni likiwa limelipwa, watu wa Matrah watakuja kwa lile jingine. Mwezi ukapita. Mwisho mama yake Loai alikuja mwenyewe, peke yake, akavua viatu mlangoni na hakukaa sana. Alimpenda Jawaher, alisema, na mumewe alimpenda. Walimtajia Loai jina la binti. Loai akainuka akasema, "Yule aliyeniibia goli langu bila hata kuangalia? Nikamwite baba? Nikae meza moja naye kila Idi?" Wakambembeleza, hakusikia. Jaifar alikuwa mle chumbani, na alikuwa na maneno ya kumfungua macho mwanawe, na hakuyasema. Angeyasema vipi? Ingembidi aseme mpira haukuingia. Akainamisha kichwa, na kijana akachumbiwa binti wa mji wa Sur.

Mwanakheri alimpelekea mumewe khabari hizo kwenye gari, maana ndani hakuweza. Sleiman alizisikia mpaka mwisho. "Sawa," alisema. Kisha akasema tena, "Sawa," na mkewe akaona mkono wake umeshika usukani na gari limezimwa.

Ijumaa Jawaher alimkuta uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Ilikuwa saa ya kwenda viwanjani, na tangu afungiwe hapakuwa tena na kiwanja cha kwenda. Jawaher alikuwa ameshajua khabari ya Sur. Zahanatini walikuwa wamemwonyesha picha za uchumba. Alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake mbele ya baba yake.

"Baba, la Loai sikulijia. Limepita," alisema. "Nimekuja kwa jingine. Waliponicheka sikujali, kwa sababu nilikuwa n'najua umeona. Mimi nilikuwepo siku ile, nilikutazama wewe, sikuutazama mpira. Hukusita hata kidogo. Mtu asiyeona husita. Basi niambie mimi tu, sitomwambia mtu. Uliuona?"

Sleiman alimtazama bintiye. Akimwambia, Jawaher asingemwambia mtu? Angemwambia. Si kwa ubaya. Angeingia zahanatini Jumapili inayofuata kichwa juu, angesimama mbele ya waliomcheka akamsafisha baba yake, na kufikia Maghribi watoto wa Matrah wangekuwa wanavuta tena fulana mpaka vichwani. Na Loai hakuwa mtu wa kuvumilia kuchekwa mara mbili. Sleiman alikuwa ameuza kila kitu kununua jambo moja, na hata jambo hilo halikuwa lake.

"Sikuuona, mwanangu," alisema. "Nilibahatisha."

Jawaher hakulia. Alikaa juu ya ndoo, mikono magotini, akitazama zege la uani, na Sleiman aliona wazo likimjia polepole, akatamani alizuie lisifike.

"Na zile nyingine?" aliuliza Jawaher. "Tangu mimi mtoto. Zile Ijumaa zote, watu wanakutukana na mimi n'nasema Baba kaona. Zile nazo?"

"Zile niliziona," alisema Sleiman. "Wallahi zile niliziona."

Jawaher akaitikia kwa kichwa, kwa upole, kama anavyoitikiwa mgonjwa akisema kesho atainuka.